Pua ya elektroniki inachelewa: tafuta ugonjwa kabla ya kununua kihisi kipya

Umefungua chupa ya spiriti mbele ya kihisi cha MQ-3, kile cha bei rahisi kinachohisi mvuke wa spiriti, ukaifunga baada ya sekunde moja. Grafu ikaanza kupanda taratibu, ikafika kileleni chupa ikiwa imesharudi kabatini, kisha ikachukua dakika nzima kushuka. Ukajaribu tena, safari hii pumzi tatu za harufu moja baada ya nyingine. Kwenye skrini kikatokea kilima kimoja kipana.

Wengi wakifika hapo hulaumu bei: kihisi cha rahisi, unategemea nini? Nimejenga pua kadhaa za elektroniki za namna hii, yaani vihisi vya harufu vinavyosomwa na programu, nyingi zikiwa mbovu, na mara chache sana kosa lilikuwa la kihisi chenyewe. Lilikuwa kwenye njia ya hewa, kwenye umeme, kwenye programu, au kwenye swali nililokuwa nakiuliza kihisi. Hilo la mwisho ndilo lililonichelewesha zaidi.

Washa udi kwenye chetezo, ukiweke karibu na dirisha, uangalie moshi. Juu ya kaa ni uzi mmoja ulionyooka. Ukipanda kidogo unaanza kujikunja, na ukifika mbali umekatikakatika, vipande vya moshi na hewa safi katikati yake. Harufu isiyoonekana husafiri vivyo hivyo. Pua iliyoko mita chache upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, haipati harufu hafifu isiyokatika. Inapata kimya, kisha pigo kali la sehemu ndogo ya sekunde, kisha kimya tena. Waswahili tunasema mtu amesikia harufu, na kwa kazi hii lugha imepatia: kitu kinachobadilika haraka namna hii kinafanana na sauti kuliko picha.

Wanyama hulisikia pigo hilo. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba seli za kunusa za wadudu huitika chini ya milisekunde 2, na hufuata harufu inayobadilika zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Sababu mojawapo ni kwamba kipokezi cha mdudu chenyewe ni mlango wa umeme: molekuli ikigusa, mlango unafunguka. Kwetu sisi na kwa panya, molekuli ikigusa huanzisha mlolongo wa kemia ndani ya seli kabla umeme haujapita. Hata hivyo, mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Francis Crick ya London walionyesha kwamba panya wa maabara hutofautisha harufu mbili zinazokuja pamoja na mbili zinazopishana, hata zikibadilika mara 40 kwa sekunde. Panya mwenyewe hanusi mara 40 kwa sekunde. Anasoma mabadiliko hayo ndani ya mvuto mmoja wa pumzi.

Pua za elektroniki zilianza na kazi tofauti. Ile ya Persaud na Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, mwaka 1982, ililenga kutambua harufu hii ni ipi, na haikuwa na haja ya kujua imefika saa ngapi. Desturi hiyo tumeirithi sote: funga sampuli kwenye kopo, subiri namba itulie, soma. Ukiitoa pua ya namna hiyo nje kwenye upepo, lazima izidiwe.

Jaribio la kufanya kabla ya kugusa chochote

Tafuta mabomba mawili ya sindano ya mililita 60, bila sindano. Kwenye la kwanza weka kipande cha pamba chenye tone moja la spiriti, funga mdomo, subiri dakika moja. La pili lisiwahi kuona spiriti maishani mwake. Kitoe kihisi nje ya sanduku, simama nacho sentimita 5, sukuma mililita 5 za hewa yenye harufu kwa mkupuo mmoja. Andika muda grafu iliotumia kupanda kutoka asilimia 10 hadi 90 ya kilele, na muda wa kushuka. Kisha rudia kihisi kikiwa ndani ya sanduku na mrija wake.

Halafu sukuma hewa safi kutoka bomba la pili, kwa nguvu ileile. Usiliruke hili. Utaona sababu mbele.

Kikiwa nje ni chepesi, ndani ya sanduku ni kizito

Furahi, kihisi chako ni kizima. Mgonjwa ni sanduku.

Piga hesabu ya ujazo. Kopo la chakula la lita 1, likiwa na feni inayovuta lita 2 kwa dakika, linahitaji sekunde 30 ili hewa mpya iingie kiasi cha kulijaza mara moja. Lakini hewa mpya haiisukumi ya zamani nje kwa utaratibu, inachanganyika nayo. Kufikia asilimia 95 ya mabadiliko kunahitaji takriban mara tatu ya muda huo, yaani dakika moja na nusu. Harufu iliyopita kwa nusu sekunde imeyeyuka humo kama chumvi kwenye sufuria ya mchuzi. Hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa.

Mrija nao una mchango. Wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 na urefu wa mita 1 unabeba karibu mililita 12.6. Kwa pampu ya nusu lita kwa dakika, hiyo ni sekunde moja na nusu ya kuchelewa, na kuchelewa si kitu kibaya sana maana muda huo unaweza kuutoa kwenye hesabu. Kibaya ni kwamba kuta za mrija hunywa harufu na kuitema polepole. Mirija laini ya mpira wa silikoni ndiyo mabingwa wa tabia hiyo. Tumia ya PTFE, ile nyeupe ngumu inayoteleza, na uifupishe kadiri unavyoweza. Ukiweza, ondoa mrija kabisa.

Mbwa ametatua sehemu hii kwa ustadi wa ajabu. Hunusa takriban mara tano kwa sekunde, na pumzi ya kutoka huipitishia kwenye mikato ya pembeni ya pua ili isipulize harufu iliyo mbele yake. Kambakoche naye hupiga vipapasio vyake majini: pigo la kushuka ni la kasi, maji mapya yanapenya katikati ya vinyweleo, la kurudi ni la polepole, maji yaleyale yanabaki yamenaswa akiyanusa. Kisha anapiga tena na kuyatupa. Hachanganyi sampuli ya sasa na ya zamani. Fundi anaweza kuiga: chumba cha mililita chache badala ya kopo, na pampu inayovuta kwa mikupuo badala ya mkondo wa kudumu.

Kuna kizuizi kingine, ule wavu wa chuma juu ya vihisi vya MQ. Hupunguza kasi ya hewa kufika kwenye sehemu inayohisi, na nimeona vijana wakiung'oa kwa koleo. Usifanye hivyo. Chini yake kuna hita ya moto sana, na wavu upo ili hewa yenye gesi ya kuwaka isilipuke. Ukihitaji kasi zaidi ya inayoruhusiwa na wavu, nunua vihisi vidogo vya MEMS, vinavyojengwa ndani ya chipu, ambavyo hita yake ni nyembamba kiasi cha kupata joto na kupoa ndani ya milisekunde kadhaa.

Kinapanda haraka, kinashuka kwa mwendo wa kinyonga

Huu si ubovu, ni kemia. Ndani ya kihisi kuna oksidi ya bati iliyopashwa moto. Oksijeni ya hewani hujishikiza juu yake na kukamata elektroni, hivyo ukinzani unakuwa mkubwa. Mvuke wa spiriti ukifika unaungua na ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, ukinzani unashuka. Harufu ikiondoka, uso unapaswa kujisafisha na oksijeni kujipanga upya, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Kila kihisi cha aina hii, tangu vile vya Naoyoshi Taguchi wa Japani miaka ya 1960, kina tabia hiyo kwa kiwango fulani. Taguchi alikuwa anatafuta gesi inayovuja majumbani, na kwa kengele ya gesi, kuchelewa kusahau hakuna madhara.

Dawa ni kuacha kutazama urefu wa grafu, ukatazama mwinamo wake. Kihisi bado kiko juu kutokana na pigo la kwanza, lakini pigo la pili likifika, mteremko unavunjika na kuinuka tena, hata kama ni kidogo. Macho hayalioni, hesabu inaliona. Njia rahisi ni hii: geuza ukinzani kuwa upitishaji (1 gawanya kwa ukinzani), tafuta kasi ya mabadiliko yake, izidishe kwa muda wa uzito wa kihisi (ule muda wa kupanda uliopima kwenye jaribio la bomba la sindano, ukigawanywa kwa 2.2), kisha jumlisha na thamani ya sasa. Kilima kimoja kipana kitagawanyika kuwa vilele vitatu.

Tahadhari ni moja. Hesabu ya kasi hukuza kelele. Laini data yako kidogo kwanza, kidogo tu, maana ukilainisha sana umerudi ulikotoka. Na kwa kuwa kupanda na kushuka vina uzito tofauti, usitumie namba moja kwa vyote viwili ukategemea maajabu. Mimi hutumia ya kupanda na kuukubali mkia mchafu, kwa sababu ninachotaka kujua ni harufu imeanza lini. Ilimalizika lini ni swali gumu, na kihisi hiki hakilijibu vizuri.

Pigo fupi halionekani kabisa

Hapa fungua programu kabla ya kufungua sanduku. Mara nyingi kuna mstari wa kusubiri sekunde 1 kati ya usomaji mmoja na mwingine, ulionakiliwa kutoka mfano wa intaneti. Ufute. Kama kuna wastani wa usomaji 50, nao uondoe.

Ukishafuta, bado kuna mlango mwembamba: waya wa USB. Arduino Uno, bodi ndogo ya kusomea vihisi, husoma pini moja kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, kasi ya kutosha. Lakini ukituma namba za vihisi vinne kwa maandishi, kila mstari ni kama herufi 17, na kwa kasi ya 9600 (biti kwa sekunde) waya hupitisha herufi 960 tu kwa sekunde. Hiyo ni mistari 56. Ili kulinasa badiliko unahitaji angalau usomaji mara mbili ndani ya mzunguko wake, na kwa usalama mara tano au zaidi. Kwa hiyo kwa 9600 hata ndoto ya kumfikia panya wa mara 40 haipo. Weka 115200.

Kihisi cha unyevu cha DHT22 hutakiwa kuulizwa mara moja kila sekunde 2, na wakati kinajibu kinasimamisha mzunguko mzima. Kisome mwanzoni na mwishoni mwa jaribio, basi. MQ-7 ya kaboni monoksidi ndiyo isiyofaa kabisa hapa: imetengenezwa kupashwa kwa volti 5 sekunde 60, kisha volti 1.4 sekunde 90. Mzunguko mmoja ni dakika mbili na nusu. Usiilaumu kwa kutosikia pigo la nusu sekunde.

Inawezekana kufika mbali kiasi gani? Mwaka 2024 Nik Dennler, Michael Schmuker na wenzao walionyesha pua ndogo ya vihisi vya oksidi ya metali iliyotambua mapigo ya makumi ya milisekunde, na mpangilio wa harufu zinazopishana hadi mara 60 kwa sekunde. Siri yao moja kubwa ilikuwa kuchezesha joto la hita kwa mizunguko mifupi sana. Ni vihisi vya ukoo uleule unaouzwa madukani, ila vidogo, vikiwa na umeme unaosomwa haraka na hewa isiyopitia kwenye kopo.

Grafu inacheza bila harufu yoyote

Niliwahi kushangilia siku mbili nzima. Pua yangu ilikuwa inafuata mapigo ya feni moja baada ya jingine, safi kabisa, kama mapigo ya moyo. Siku ya tatu nikasahau kuweka spiriti. Grafu ikawa ileile.

Kilichotokea ni kwamba upepo ulikuwa unapoza hita. Joto likishuka ukinzani unabadilika, na kihisi hakina namna ya kukuambia kwamba hii ni baridi na ile ni harufu. Ndiyo maana ya bomba la pili la hewa safi. Kama hewa safi nayo inatoa kilele, weka ngao ndogo ili mkondo usikipige kihisi usoni, au hakikisha kasi ya hewa haibadiliki na kinachobadilika ni harufu tu.

Ukiona wimbi zuri la mara 50 kwa sekunde, usiandike makala bado: huo ni umeme wa gridi unaoingia kupitia waya mrefu au chaja mbovu. Tumia betri ulinganishe.

Umeme wa hita nao. MQ moja hula karibu miliampea 150. Nne ni miliampea 600, na USB ya kawaida ya kompyuta hutoa 500. Volti inashuka, hita zinapoa, na kila feni ikiwaka grafu inazama. Wape hita chanzo chao cha volti 5, ukiunganisha hasi zote pamoja. Anayetumia ESP32, bodi nyingine ya kazi hiyohiyo, akumbuke pia kwamba pini zake zinakubali volti 3.3, na moduli ya MQ inaweza kutoa hadi 5. Weka rezista mbili za kugawa volti kabla hujaichoma bodi.

Kihisi kipya kinahitaji kuwashwa zaidi ya saa 24 kabla ya kukiamini. Na kwa aliye Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mvuke wa maji hushusha ukinzani kama vile harufu inavyofanya, kwa hiyo asubuhi ya masika na mchana wa kaskazi havitakupa mstari wa msingi mmoja. Habari njema ni kwamba unyevu wa hewa hubadilika kwa dakika na saa. Ukiwa unatazama mwinamo, tatizo hili linapungua lenyewe.

Inasikia harufu, haijui ni ya nini

Kihisi kimoja hakijui. Viwili au vinne vya aina tofauti vinaweza kujua kwa kulinganisha, ila angalia mtego: kama MQ-3 huitika kwa sekunde 2 na MQ-135, ndugu yake wa kupima hewa chafu, kwa sekunde 6, uwiano wao unabadilika muda wote wa pigo moja, na programu itaapa kwamba imenusa harufu tatu. Pima uzito wa kila kimoja na ukisahihishe kabla ya kulinganisha.

Muda wenyewe pia ni dalili ya utambulisho. Harufu mbili zinazotoka chanzo kimoja hufika pamoja. Za vyanzo viwili hufika kwa kupishana. Nyuki wa asali ameonekana kutumia tofauti ya milisekunde 6 tu kutenganisha harufu zilizochanganyika.

Na si lazima jibu liwe namba. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya akisikia harufu ya TNT, kilipuzi cha bomu la ardhini, hukwaruza ardhi, anapewa ndizi au karanga, anaendelea. Hakuna anayemuuliza ni kiasi gani. Pua nyingi za elektroniki zingekuwa bora kama zingefundishwa kukwaruza.

Roboti inazunguka na haifiki kwenye chanzo

Umeiambia ifuate palipo na harufu zaidi. Lakini kwenye upepo, kipande cha moshi kilichokatika kinaweza kuwa kikali kuliko hewa iliyo karibu na chanzo kwa sekunde ileile. Roboti inakifuata, kinapita, inageuka, inazunguka.

Nondo dume hafanyi hivyo. Akipigwa na harufu ya jike huruka kwenda upepo unakotoka. Harufu ikikatika huacha kusonga mbele na kuyumba kushoto na kulia, akiukata upepo, hadi pigo jingine limfikie. Ni kama chombo kinachokwenda bisho, isipokuwa nondo ana haraka. Na ukimweka kwenye wingu la harufu lisilo na mapengo, huacha kusonga mbele. Mbu wa Aedes aegypti naye hufuata vizuri zaidi kaboni dioksidi inayokuja kwa vipande kuliko iliyotandazwa sawasawa, ingawa kwa harufu ya ngozi ya mtu mambo huwa kinyume.

Basi ipe roboti kifaa cha kupima mwelekeo wa upepo, na kanuni mbili: pigo likija, nenda joshini, yaani upepo unakotoka; likikosekana kwa muda fulani, yumba kando. Kwa umbali, hesabu mapigo. Mwaka 2016 Schmuker, Bahr na Huerta walionyesha kwamba idadi ya mapigo, ikichotwa kwenye mwinamo wa vihisi vya kawaida vya oksidi ya metali, hupungua kadiri unavyokuwa mbali na chanzo. Wastani wa harufu uache.

Kihisi kimekufa ganzi

Kilikuwa kizuri mwezi uliopita, sasa hata pamba ya spiriti ikiwa sentimita 2 hakisogei. Gusa ganda lake: likiwa baridi, hita imekatika au haipati umeme. Pima ukinzani wa pini za hita; kwenye MQ nyingi unatarajia karibu ohmu 33.

Ikiwa la moto, kumbuka umegundisha sanduku kwa gundi gani. Mvuke wa gundi ya silikoni, ile ya kuzibia madirisha na matanki ya samaki, huungua juu ya oksidi ya bati na kuacha utando usiotoka. Baadhi ya losheni za nywele zina kemikali za ukoo huo pia. Hakuna kusafisha. Nunua kingine, funga sanduku kwa skrubu safari hii, na uandike tarehe ya kukiwasha ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito.